Injini Mbili za Fundi Mmoja

Bamurange ndiye aliyeligundua duka lile la magari kwanza. Jambo hilo alilishikilia moyoni kwa miaka mitatu, ingawa mtu angemuuliza angesema ni jambo dogo tu. Ni yeye aliyepanda basi la Morse Road, huko Columbus, siku yake ya mapumziko, akazunguka peke yake katikati ya safu za magari chini ya jua la Agosti, akachagua gari la kijivu la viti saba lililotumika kidogo. Jumapili akaliegesha mbele ya kanisa, watu wakalizunguka, pasta akaliombea.

Wiki mbili baadaye Kirezi naye akaja na lake. Duka lilelile, aina ileile ya gari, ila lilikuwa jipya zaidi kwa mwaka mmoja, rangi ya divai, viti vya ngozi. Watu wakalizunguka tena, na pasta akaomba tena. Bamurange alisimama amefumba macho kama wenzake, akipima urefu wa maombi, na akaona kwamba la Kirezi limeombewa zaidi.

Walijuana tangu Louisville. Wote wawili kwao ni milima ya Kivu ya Kusini, na wote waliletwa Amerika mwaka mmoja kutoka kambi moja ya Burundi. Huko Louisville walikaa jengo moja, wakafunga maboksi kwenye ghala moja, wakaanza kujifunza Kiingereza darasa moja. Baada ya miezi mitatu Kirezi alipandishwa darasa. Bamurange akabaki na wazee waliokuwa wakijifunza kushika kalamu. Majira ya baridi ya pili, Nkusi, mume wa Bamurange, akafa kwa ugonjwa wa figo. Kirezi alikuja akapika siku zote za msiba, akaosha vyombo, akalala sakafuni kando ya mjane. Bamurange hakusahau wema huo. Lakini hakusahau pia kwamba siku ya mwisho ya msiba, Ruta, mume wa Kirezi, alikuja kumchukua mke wake, akamshikia koti ili aingize mikono, na yeye Bamurange akiwa kwenye kochi aliwatazama hadi mlango ukafungwa.

Kirezi alihamia Columbus kwanza. Akampigia Bamurange simu: "Njo huku, Mama Précieux. Kazi iko, nyumba ziko, na watu wetu ni wengi." Akaenda. Kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba yao ya kutunziwa, ni Kirezi aliyemtafutia. Nyumba ya kupanga huko Northland, ni Kirezi aliyemtafutia. Karibu kila kitu kizuri alichokuwa nacho kilikuwa kimepita kwanza mikononi mwa Kirezi. Gari peke yake ndilo lililokuwa lake tangu mwanzo, na hilo nalo Kirezi akaliiga.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, kila mmoja wao akapata barua. Kiwanda kilikuwa kinaita magari ya aina ile yarudishwe, injini zifunguliwe na kipuri fulani cha ndani kibadilishwe bila malipo. Wakayapeleka dukani wiki moja, kwa kupishana siku moja. Bamurange aliambiwa magari ya kuazima yameisha, akaenda kazini kwa basi siku nne. Siku ya pili, akiwa kituoni mvua ikimnyeshea, aliliona gari jeupe jipya likipita, bado lina kibandiko cha duka kiooni, na Kirezi ndani yake akipiga honi kwa furaha na kumpungia mkono.

"Uliipata namna gani?" alimuuliza Jumapili.

"Ruta aliwaambia hatuwezi kukosa kazi. Bon, wakatafuta, wakapata."

Bamurange akacheka na kusema sawa. Moyoni alijiambia kwamba hata gari la kuazima linahitaji mtu wa kukusemea, na yeye wa kumsemea yuko Louisville, chini ya udongo.

Siku kumi na nane baada ya matengenezo, gari lake lilianza kugonga. Sauti ilitoka mbele, tok, tok, tok, kama mtu anayebisha mlango bila haraka. Taa nyekundu ya oili ikawaka. Kabla hajafika mahali pa kuegesha, injini ikazima katikati ya Morse Road, mbele ya duka la vyakula la Wasomali, na magari ya nyuma yakaanza kumpigia honi. Wanaume wawili wakatoka dukani wakamsaidia kulisukuma hadi pembeni.

Alirudi kule lilikotengenezwa pamoja na Précieux, binti yake wa miaka kumi na saba, ili amtafsirie. Mtu wa mapokezi aliwasikiliza huku akiandika kitu kingine, akaenda ndani, akarudi na jibu.

"Anasema hukubadilisha oili," Précieux alisema.

"Mwambie ni siku kumi na nane. Oili gani inabadilishwa siku kumi na nane?"

Précieux akasema. Yule mtu akatikisa kichwa na kuongea kwa muda mrefu kwa upole.

"Anasema injini ilikuwa chafu kabla hawajaigusa. Anasema si kosa lao. Mama, twende."

"Mwambie nataka kuongea na mkubwa wake."

"Mkubwa wake hayupo."

Walirudi mara mbili zaidi, na mara zote mbili mkubwa hakuwapo. Alipotaka warudi tena, Précieux alikataa kwenda kutafsiri, akamjibu mama yake kwa Kiingereza kwamba anaona aibu. Bamurange hakumlazimisha. Akaanza tena maisha ya basi: kutoka nyumbani kukiwa giza, kusimama kituoni, kufika kazini miguu imeshachoka kabla ya kumwinua mzee wa kwanza kitandani. Na kila Jumapili gari la rangi ya divai lilikuja likinguruma taratibu, likaegeshwa palepale mbele ya kanisa, halina neno.

Mtu mmoja wa kanisani ndiye aliyempa namba ya Ochieng. Ochieng alikuwa Mkenya aliyekuja kusoma uhandisi, akabaki, na sasa alikuwa na gereji ndogo nyuma ya maduka ya Northland. Alilivuta gari hadi kwake, akalifungua kwa siku mbili, na Jumatano mchana akampigia simu Bamurange aje aone.

Alikuwa amelaza vyuma juu ya meza, vimefutwa na kupangwa. Akachukua kikombe cha chuma chenye wavu.

"Dada, hili ni chujio. Linakaa chini kabisa ya injini, oili inanyonywa kupitia hapa kwenda juu. Angalia."

Wavu ulikuwa umezibwa na vipande vya kitu cheusi, laini kama mpira.

"Hii ni nini?"

"Gundi ya silikoni. Ukirudisha bakuli la oili baada ya kulifungua, unapaka gundi kidogo sana pembeni ili lisivuje. Huyu fundi alipaka kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Iliyozidi ikaingia ndani, ikakatika vipande, ikaziba hapa. Injini yako imekufa kwa kukosa oili, na oili ilikuwa imejaa."

"Donc, kwa hiyo si mimi."

"Si wewe hata kidogo. Nimepiga picha zote. Nitakuandikia karatasi." Akaifungua stakabadhi ya duka. "Ona, wameandika namba ya fundi hapa, arobaini na moja. Mtu anayepaka gundi hivi hapaki hivi mara moja. Kuna mwingine unayemjua aliyetengenezewa pale wiki ile? Kwa sababu akiwa barabara kubwa, na injini ife ghafla, si mchezo."

Bamurange alikuwa bado ameshika lile chujio. Aliona wazi, kama mtu aonavyo picha, gari la rangi ya divai limesimama, na Kirezi kituoni akingoja basi.

"Hapana," alisema. "Simjui mtu."

Ochieng akaguna, akageukia vyuma vyake.

Njiani kuelekea nyumbani, Bamurange alijitetea. Si lazima fundi awe yuleyule. La Kirezi limetembea zaidi ya mwezi bila shida. Na Ruta anajua mambo yote, si atasikia mwenyewe kama kuna sauti? Atawaambia, ndiyo, lakini si leo. Leo alitaka kukaa kidogo na lile jambo, kwamba kwa mara ya kwanza tangu Louisville alikuwa na kitu ambacho Kirezi hakuwa nacho.

Alhamisi jioni Kirezi akaja mwenyewe. Ijumaa asubuhi yeye, Ruta na watoto wao watatu walikuwa wanakwenda Buffalo kwenye ndoa ya Shami, binti wa kaka yake Ruta. Bamurange alikuwa ameshona mishanana, yale mavazi ya sherehe ya kufungwa begani, ya bibi harusi na wasichana wanne wa kumsindikiza. Kirezi alikuja kuichukua.

"Nafasi ingaliko katika gari," Kirezi alisema akikunja nguo. "Njo na sisi. Shami atafurahi."

"Niko na zamu."

"Omba mtu abadilishane na wewe."

"Nimesema niko na zamu, Mama Anicet."

Kirezi akaendelea kukunja. Bamurange alihisi maneno yako mdomoni kabisa: msiende na gari hiyo, mkaangalie kwanza. Alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ya kuyasema. Ndipo Kirezi, kwa sauti ya kumhurumia, akasema, "Pole sana na gari. Ruta anasema labda ulichelewesha oili, inatokea kwa watu wengi. Wakati mwingine ukiwa na swali umuulize, hawezi kukataa."

Bamurange akaifunga mifuko. "Safari njema," akasema, akamfungulia mlango.

Ijumaa aliamka na kichwa kizito. Kazini alimwosha bibi mmoja uso mara mbili, hadi bibi mwenyewe akamshika mkono. Alijaribu kuhesabu saa: sasa wamepita Cleveland, sasa wanaona ziwa. Alipopata mapumziko ya mchana, saa sita, akatoka nje na simu yake. Kulikuwa na ujumbe wa sauti wa Kirezi, uliotumwa zaidi ya saa moja nyuma.

"Mama Précieux, tumesimama hapa Erie, watoto wanakula. Nimemtumia Shami picha za nguo, analia kwa furaha. Nimemwambia kila mtu ajue ni wewe ulishona, wasidhani tulinunua. Nitalitaja jina lako mbele ya watu, usikatae." Kirezi akacheka. "Bon, Ruta amewasha, tunaenda."

Nyuma ya kicheko chake kulikuwa na sauti nyingine. Bamurange akarudisha ujumbe, akabana simu sikioni, akaziba sikio la pili kwa kidole. Tok, tok, tok. Taratibu, bila haraka.

Akapiga simu. Haikupokewa. Akapiga tena. Mara ya tatu Kirezi akapokea.

"Mko wapi?"

"Karibu kufika. Kuna nini?"

"Mwambie Ruta atoke barabara kubwa. Azime gari. Injini yenu imefanywa vibaya kama yangu, inagonga, nimeisikia katika ujumbe wako. Itakufa mkiwa katikati."

Akasikia Kirezi akiyarudia maneno yale, kisha sauti ya Ruta, ya karibu na wazi: "Mwambie gari iko sawa. Huyu mama na wivu wake, mpaka leo anatufuata barabarani."

Bamurange alisimama kando ya ukuta wa jengo. Wivu ulikuwepo kweli, na yeye alikuwa anasema kweli, na hakujua amfanye vipi mtu atenganishe mambo hayo mawili kwenye simu.

"Kirezi," alisema. Kwa miaka mingi hakuwa amemwita kwa jina lake. "Nina wivu. Sawa. Angalia taa. Kuna taa nyekundu mbele yake?"

Kisha Kirezi akasema, si kwake, "Ruta, hiyo taa imewaka tangu lini?"

"Ni taa tu. Kakangu anakaa hapa Cheektowaga, dakika tano tumefika, tutaangalia hukohuko."

"Toka hapa. Toka sasa hivi, watoto wako nyuma."

Simu ikakatika.

Bamurange alibaki pale hadi msimamizi wake akatoka kumtafuta. Akarudi ndani, akawalisha wazee wake chakula cha mchana bila kujua amemlisha nani nini. Saa nane kasoro robo ujumbe mfupi ukaingia. Injini ilizima walipokuwa kwenye kona ya kutokea barabarani, ile inayoshuka kuelekea Cheektowaga. Usukani ukawa mzito, Ruta akaupigania kwa mikono miwili, gari likaserereka lenyewe hadi kwenye nyasi. Nyuma yao kwenye barabara kubwa malori yalikuwa yanapita kwa kasi, moja baada ya jingine. Kaka yake Ruta alikuja kuwachukua. Wote wazima. Mwishoni Kirezi aliandika: Tutaongea.

Ndoa ilifanyika Jumamosi katika ukumbi mmoja karibu na Grant Street. Précieux alimwonyesha mama yake video kwenye simu: Shami na wasichana wake katika mishanana, nguo zikianguka vizuri mabegani kama alivyokuwa ametaka. Kirezi alishika kipaza sauti akataja mshonaji kwa jina lake lote na watu wakapiga makofi. Bamurange aliiangalia mara moja tu.

Jumatatu jioni Kirezi alikuja, amerudi Columbus katika gari la watu wengine. Hakukaa.

"Ulijua lini?" aliuliza.

Ingekuwa rahisi kusema Ijumaa. Ingekuwa rahisi kusema niliposikia ile sauti. Kirezi mwenyewe alionekana kama anatamani jibu hilo.

"Jumatano," Bamurange alisema. "Ochieng aliniuliza kama namjua mwingine, nikasema simjui."

"Alhamisi nilikuwa hapa. Nilikuambia uje na sisi."

"Ndiyo."

"Watoto wangu walikuwa ndani."

"Ndiyo, Kirezi."

Kirezi akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua, akatoka. Wiki tatu hawakusalimiana. Kanisani walikaa pande mbili, na watu walioona wakajifanya hawakuona. Bamurange aliomba msamaha kwa Mungu mara nyingi, na hilo lilikuwa rahisi. Kwenda kwa Kirezi miguu ilikataa.

Mwisho wa mwezi wa tano alipata miadi na meneja wa lile duka. Ochieng alimwandikia maelezo ya kurasa mbili na kuambatanisha picha. Akaenda peke yake, na Kiingereza chake cha darasa la chini. Meneja alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi, akazitazama picha moja moja, akasema pole, lakini gereji iliyolifungua si yao. Gundi hiyo ingeweza kuwekwa na yeyote.

Bamurange alielewa kila neno, na hakuwa na maneno ya kumjibu. Alikuwa anakusanya karatasi zake mlango ulipofunguliwa. Kirezi akaingia, amevaa nguo za kazi, bahasha mkononi. Hakumtazama Bamurange. Akavuta kiti akakaa kando yake.

"Précieux ameniambia miadi ni leo. Sijakuja kwa ajili yako," alisema kwa Kiswahili, chini chini.

"Najua."

Kisha akamgeukia meneja na kuanza kuongea Kiingereza kile ambacho Bamurange alikionea kijicho tangu Louisville, kilichonyooka, kisicho na papara. Akatoa karatasi ya gereji moja ya Buffalo, iliyofungua injini yake kwa amri ya kampuni ya bima. Akatoa picha: chujio, wavu, vipande vyeusi. Akaziweka kando ya picha za Ochieng. Halafu akaweka stakabadhi yake ya duka kando ya ile ya Bamurange, tarehe zilizopishana siku moja, na kidole chake kikatua kwenye namba ya fundi, kwanza ya kwake, kisha ya Bamurange. Arobaini na moja, na arobaini na moja.

"Gereji mbili, miji miwili, hawajuani," alisema. "Na mimi nilikuwa na watoto watatu ndani."

Meneja akazilinganisha namba zile mwenyewe. Akaomba ruhusa, akatoka, akakaa nje karibu nusu saa. Wanawake wawili walibaki wakitazama ukuta. Bamurange alisema, "Nisamehe." Kirezi hakujibu, lakini hakuhamisha kiti.

Iliwachukua wiki mbili zaidi, simu na barua, hadi duka likakubali kosa kwa maandishi. Magari yote mawili yaliwekewa injini mpya, na fundi mwingine. Baada ya hapo walianza kusalimiana, kwanza kwa kichwa, kisha kwa mkono. Kirezi hakusema amesamehe. Siku moja tu alipiga simu kuuliza kama Bamurange ana uzi wa rangi fulani, wakaongea juu ya uzi huo dakika ishirini.

Mwezi wa tatu mwaka huu, Ruta na Kirezi walihama. Walikuwa wamepata nyumba huko Cheektowaga, karibu na kaka yake Ruta, nyumba yao wenyewe yenye bustani nyuma na chumba kwa kila mtoto. Bamurange alikwenda kuwasaidia kupakia lori. Kirezi alimwonyesha picha za jiko kwenye simu, kabati nyeupe, dirisha kubwa juu ya sinki, na Bamurange akahisi kile kitu cha zamani kikimpanda kifuani, moto uleule, kana kwamba hakikuwahi kuondoka. Safari hii hakukimeza.

"Nakuonea wivu," alisema. "Sana."

Kirezi alizima simu, akaiweka mfukoni. Macho yake hayakuwa na hasira, wala hayakuwa laini.

"Najua," alisema. "Shika upande huo wa kochi. Pole pole, mguu mmoja umelegea."

Wakaliinua pamoja, Bamurange akitembea kinyumenyume, Kirezi akimwelekeza kwenye ngazi.